UZI: Saiti mira ya gari lako ni bapa au imebinuka? Madereva wa Tanga, mafundi vioo na wanafunzi wa fizikia, karibuni

#1 Mwalimu_Chumbageni

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo linaniuma na nimeona nilimwage hapa kwa kirefu. Saiti mira, yaani kile kioo cha ubavuni cha kutazama nyuma, ikivunjika au ikiibwa hapa mjini, mwenye gari hukimbilia kwa fundi vioo. Fundi anachukua kipande cha kioo cha kawaida, kilekile cha kabati la nguo, anakikata kwa umbo la kile kilichotoka, anakibandika kwa silikoni, na jioni gari liko barabara ya Segera. Ukikitazama kwa haraka huoni tofauti. Lakini mara nyingi kioo kilichotoka kilikuwa kimebinuka kidogo, na kilichoingia ni bapa. Hivyo ni vioo viwili vinavyoonyesha dunia mbili, na dereva hakuambiwa.

Ili tuelewane inabidi tuanze na nuru yenyewe. Msiogope, kanuni ni moja tu.

Mwali wa nuru unapogonga kioo, chukulia kwamba hapohapo ulipogonga kuna kijiti kimesimama wima juu ya uso wa kioo. Pembe iliyopo kati ya mwali unaoingia na kijiti ni sawa na pembe iliyopo kati ya kijiti na mwali unaotoka. Ukiingia kwa digrii 30, utatoka kwa digrii 30 upande wa pili. Ukija moja kwa moja juu ya kijiti, unarudi njia uliyojia. Kanuni hii haichagui kioo. Hata ukuta uliopakwa chokaa unaifuata, ila ukuta una vinundu vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimeelekea kwake, ndiyo maana miali hutawanyika na huwezi kuchania nywele mbele ya ukuta.

Kinachobadilika kutoka kioo hadi kioo ni mwelekeo wa vile vijiti. Kwenye kioo bapa vyote vimesimama sambamba. Kwenye kioo kilichobinuka, yaani tumbo lake linakutazama wewe, vijiti vinaachana kama miiba ya nungunungu. Kwenye kilichobonyea, yaani shimo lake linakutazama wewe, vijiti vinaelekeana na kukutana mahali pamoja mbele ya kioo, panapoitwa kitovu cha mpindo. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kioo bapa kwanza. Miali inatoka puani kwako ikiwa imetawanyika, inagonga kioo, inarudi ikiwa bado imetawanyika kwa kiasi kilekile. Jicho halijui kwamba miali ilikunjwa njiani. Linaifuata kinyumenyume kwa mstari ulionyooka na kukuta imetoka nyuma ya kioo, umbali uleule uliopo kati yako na kioo. Ukisimama mita 1 mbele, taswira iko mita 1 nyuma, na wewe unajiona uko mita 2 mbele yako. Ni taswira isiyo halisi: weka karatasi nyuma ya kioo, haitapata hata chembe ya nuru. Lakini ukubwa ni uleule, na umbali ni wa kweli. Hilo la umbali mlishike.

Kwa wanaoagiza vioo vya kujitazama mwili mzima: hamhitaji kioo chenye urefu wenu. Nusu inatosha, na haijalishi unasimama karibu au mbali. Mtu wa sentimita 170 ambaye macho yake yako sentimita 158 kutoka sakafuni anahitaji kioo cha sentimita 85 tu, ncha ya chini iwe sentimita 79 kutoka sakafuni na ya juu sentimita 164. Pima uone. Nuru ya kidole cha mguu inagonga kioo katikati ya kidole hicho na jicho, na ya utosini inagonga katikati ya utosi na jicho. Kioo kilicho chini au juu ya hapo unakilipia bure.

Sasa kioo kilichobinuka, ambacho ndicho kilichonileta. Miali ikikigonga inarudi imetawanyika zaidi kuliko ilivyokuja. Jicho likiifuata kinyumenyume linakuta makutano karibu sana nyuma ya kioo, na taswira ni ndogo. Fokasi, yaani nukta ambapo miali iliyokuja sambamba hukutana au huonekana imetokea, kwa kioo cha umbo la tufe iko nusu ya njia kati ya kioo na kitovu cha mpindo, ambacho kwa kilichobinuka kiko nyuma ya kioo. Tuchukue saiti mira yenye nusu kipenyo cha mpindo mita 1.2. Fokasi yake iko sentimita 60 nyuma ya kioo. Lori likiwa mita 10 nyuma yako, taswira yake inakaa kama sentimita 57 nyuma ya kioo, na ni ndogo karibu mara 18 kuliko lori.

Mtu atauliza: ikiwa taswira iko sentimita 57 tu, mbona lori linaonekana liko mbali? Kwa sababu ubongo haupimi umbali wa lori kwa kukaza macho. Unajua lori lina ukubwa gani, unaona limekuwa dogo, unahitimisha liko mbali. Jicho lako likiwa sentimita 70 kutoka kwenye kioo, lori hilo la mita 10 linaonekana na ukubwa ambao kwenye kioo bapa lingeonekana nao likiwa mita 20 na ushee. Umbali umeongezwa maradufu machoni pako, na wewe ndiye unayeamua kama uhamie upande wake au la.

Naacha hapa kwanza. Karibuni.

#2 fundi_ngamiani

Mwalimu, shikamoo. Mie ni mmoja wa hao mafundi unaowasema, nakata vioo Ngamiani tangu ujana. Nimekusoma mpaka mwisho, ila nina neno. Wateja wangu nikiwawekea kioo bapa wananisifu. Wanasema gari la nyuma sasa linaonekana kubwa, karibu, safi. Na wewe mwenyewe umesema bapa ndiyo yenye umbali wa kweli. Sasa ubaya wangu uko wapi?

#3 Mwalimu_Chumbageni

Marahaba fundi, na asante kwa kuja mwenyewe. Ulichokisema ni kweli tupu: bapa inatoa umbali sahihi. Sifa za wateja wako si za uongo. Kilichopotea ni kile ambacho hawakioni, na asichokiona mtu hawezi kulalamikia.

Chukua kioo chenye upana wa sentimita 16, jicho likiwa sentimita 70 kutoka kwake. Kikiwa bapa, dereva anaona nyuma kwa upana wa digrii kama 13. Kikiwa kimebinuka kwa kiasi kile cha mita 1.2, anaona digrii karibu 28. Tuweke barabarani. Mita 10 nyuma ya kioo, bapa inamwonyesha ukanda wa upana wa mita 2.4. Kilichobinuka kinamwonyesha mita 5. Umemnyima zaidi ya nusu ya alichokuwa anakiona.

Na nusu hiyo si pori tupu. Tanga ni mji wa baiskeli, wote tunajua. Kuna mama anatoka sokoni na mzigo nyuma, kuna mtoto anakwenda shule, kuna muuza samaki kutoka Mzingani na ndoo yake. Hawa hawako katikati ya njia nyuma ya gari, wako ubavuni, pale hasa ambapo kioo bapa hakifiki. Dereva aliyezoea kioo cha zamani anatazama, haoni mtu, anakata kushoto kwa moyo mweupe.

Sikulaumu wewe fundi. Nataka tu kazi yako nzuri iwe na taarifa ndani yake. Kabla ya kukitupa kile kilichovunjika, shika kipande chake, weka ukingo wa rula ya chuma juu yake. Rula ikilala na kugusa kioo mwanzo hadi mwisho, kilikuwa bapa, kata bapa. Ikigusa katikati na kuyumba kwenye ncha, kilikuwa kimebinuka, na mteja anastahili kilichobinuka. Vipo vya mtumba kwenye spea za magari yaliyokatwa.

#4 bodaboda_sahare

Mkuu umenigusa. Pikipiki yangu nimebadilisha kioo cha kulia tu, cha kushoto ni kilekile cha kiwandani. Nikitazama kulia naona gari liko karibu, nikitazama kushoto gari lilelile liko mbali. Nilidhani macho yangu yana kasoro. Nitajuaje kipi ni kipi bila rula, maana kijiweni hatuna rula?

#5 Mwalimu_Chumbageni

Macho yako hayana tatizo ndugu yangu. Una vioo vya aina mbili kwenye usukani mmoja, na kila kimoja kinatii kanuni yake.

Bila rula fanya hivi. Chukua kioo kidogo cha mfukoni, cha kunyolea, ambacho ni bapa. Kiweke sambamba na kioo cha pikipiki, usimame mkono mmoja mbali, utazame uso wako kwenye vyote viwili. Kama nyuso ni sawa, cha pikipiki ni bapa. Kama uso kwenye cha pikipiki ni mdogo, kimebinuka. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Kwenye kilichobinuka uso unasinyaa haraka kuliko unavyosinyaa kwenye bapa. Njia nyingine ni kutazama mstari mrefu ulionyooka, mathalani ukingo wa paa la bati au nguzo ya umeme, na kuupeleka pembeni kabisa mwa kioo. Bapa huuacha ulivyo. Kilichobinuka huukunja.

Ukishajua, chagua. Ushauri wangu: rudisha kilichobinuka pande zote mbili, halafu jifunze kutazama mara mbili. Kioo kikuambie kama kuna kitu, na shingo ikuambie kiko umbali gani. Wamarekani wamekata shauri kwa namna yao: sheria yao inataka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa, na cha upande wa abiria kinaruhusiwa kubinuka mradi kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu zaidi ya vinavyoonekana. Mkiona maandishi hayo kwenye magari yaliyotoka huko msidhani ni urembo.

#6 kidato_cha_tatu

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Mimi ni mwanafunzi, naomba kuuliza jambo ambalo darasani tulibishana. Kioo bapa kinageuza kushoto kuwa kulia. Kwa nini hakigeuzi juu kuwa chini?

#7 msafiri_horohoro

Mdogo wangu hilo rahisi. Ni kwa sababu macho yetu yamekaa kushoto na kulia. Yangekaa moja juu na jingine chini tungejiona tumesimama kwa kichwa.

#8 Mwalimu_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Na wewe msafiri, asante kwa kujaribu, ila jibu hilo linaanguka kwa jaribio dogo: funga jicho moja. Taswira haibadiliki hata kidogo. Lala ubavu kitandani ujitazame. Bado haibadiliki.

Ukweli ni kwamba kioo hakigeuzi kushoto na kulia. Simama ukitazama kaskazini mbele ya kioo. Nyosha mkono wa mashariki: mkono unaonyoshwa ndani ya kioo uko mashariki vilevile. Nyosha mkono juu: ndani ya kioo uko juu. Sasa nyosha kidole mbele, kaskazini, kuelekea kioo. Kidole ndani ya kioo kinaelekea kusini, kinakujia wewe! Hapo ndipo penye mgeuko. Kioo kinageuza mbele kuwa nyuma, na hakuna kingine.

Mbona basi tunaona kushoto kumekuwa kulia? Kwa sababu tunajilinganisha na mtu halisi aliyegeuka kututazama. Binadamu akigeuka huzunguka kwa miguu yake, na kuzunguka huko ndiko kunakompeleka mkono wa kulia upande wa pili. Yule wa kwenye kioo hakuzunguka. Tunamvika mzunguko ambao hakuufanya.

Maandishi nayo ni hivyohivyo. Ili kuonyesha karatasi kioo lazima uigeuze wewe, na kwa kawaida tunaigeuza kwa kuizungusha kando. Ukiigeuza kwa kuipindua juu chini, maandishi yatatokea kichwa chini. Andika kwa herufi kubwa neno UTAMU kutoka juu kwenda chini, herufi moja chini ya nyingine, ulipeleke kwenye kioo. Halibadiliki! Herufi zake zote zina nusu mbili zinazolingana. Jaribu na UHAI, MTAA, MAUA. Halafu andika TANGA uone N na G zinavyoharibu mchezo.

Magari ya wagonjwa yanatumia jambo hili. Neno AMBULANCE mbele ya gari limeandikwa kinyume makusudi, ili dereva aliye mbele akitazama kioo chake alisome sawasawa na kupisha.

#9 mvuvi_mzingani

Mie sina gari, ninalo tochi na macho. Usiku barabara ya Pangani pikipiki na magari yaliyowekwa taa nyeupe za LED yanatupofusha. Gari la zamani lenye taa za njano halinifanyi hivyo hata likiwasha full. Hapo kuna habari ya kioo pia au ni ukali wa taa tu?

#10 Mwalimu_Chumbageni

Kuna habari kubwa sana ya kioo, na ndilo suala ambalo nilikuwa nalisubiri kwa hamu.

Fungua tochi yako utazame ndani. Nyuma ya balbu kuna bakuli linalong'aa. Hicho ni kioo kilichobonyea. Tabia yake kuu ni hii: miali inayokuja sambamba kutoka mbali, mfano ya jua, hukusanywa na kupitishwa kwenye fokasi. Na nuru inarudi njia ileile ikigeuzwa. Kwa hiyo ukiweka balbu kwenye fokasi, miali inatoka sambamba, inasafiri mbali bila kutawanyika. Hiyo ndiyo tochi, na ndiyo taa ya gari.

Sasa taa nyingi za magari zimepimwa kwa waya mmoja mdogo wa balbu ya zamani, uliokaa mahali maalumu mbele ya lile bakuli. Ukichomoa balbu hiyo ukachomeka ya LED ambayo vyanzo vyake vya nuru vimekaa pembeni au mbele kidogo ya pale waya ulipokuwa, bakuli linaendelea kutii kanuni ya pembe, ila kwa nuru iliyokaa pasipo pake. Miali iliyopaswa kushuka barabarani inapanda kwenye macho ya anayekuja. Milimita chache zinatosha. Ukali wa taa unaongeza, lakini chanzo cha upofu wako, kaka, ni mahali nuru ilipokaa. Gari lililotoka kiwandani na LED halina shida hiyo kwa sababu kioo au lenzi yake ilichorwa kwa ajili ya LED.

Umbo nalo lina neno lake. Kioo kilichokatwa kama kipande cha tufe hakikusanyi miali yote mahali pamoja. Ile ya pembeni inakutana karibu zaidi na kioo kuliko ya katikati. Mnaweza kuiona dosari hii asubuhi: weka kikombe cha bati cha chai juani, tazama chini yake, kuna mstari mkali wa nuru wenye ncha katikati. Hiyo ni miali iliyoakisiwa na ukuta wa kikombe ikakosa kukutana. Ndiyo maana taa za gari, madishi ya televisheni na vioo vya darubini vinachongwa kwa mkunjo mwingine, parabola, ambao unapeleka kila mwali sambamba kwenye nukta moja. Dishi juu ya paa lako ni kioo kabisa, ila kinaakisi mawimbi ambayo jicho halioni, na kile kichwa kilichoshikwa na mkono mbele yake kimekaa kwenye fokasi. Fundi anakisogeza kidogo picha inapotea.

Watu wamelipa gharama kubwa kwa mkunjo uliokosewa. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichosuguliwa kupita kiasi ukingoni kwa mikromita kama 2, chini sana ya unene wa unywele. Picha zikatoka na ukungu mpaka wanaanga walipopanda Desemba 1993 kuiwekea vifaa vya kurekebisha. Na London, mwaka 2013, jengo refu lenye ukuta wa vioo uliobonyea lilikusanya jua mtaani likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa. Hakuna aliyekusudia kutengeneza tanuri. Umbo lilitosha.

#11 mama_pongwe

Mwalimu hapo kwenye jua ndipo ninapopataka. Mkaa umepanda bei. Naweza kupika kwa kioo hicho?

#12 Mwalimu_Chumbageni

Unaweza, mama, na Tanga tuko mahali pazuri. Tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita karibu kabisa na utosini.

Jua kali la anga safi linamwaga kama wati 1000 kwenye kila mita mraba. Dishi la kipenyo cha mita 1 lina eneo la mita mraba 0.79, kwa hiyo linapokea karibu wati 790. Ukilibandika karatasi ya alumini inayong'aa na ukapoteza nusu ya joto njiani, zinabaki wati 390 hivi kwenye sufuria. Lita 1 ya maji kutoka joto la kawaida hadi kuchemka itachukua kama dakika 13. Chai ya familia inapatikana. Sufuria liwe jeusi kwa nje, likae kwenye fokasi, na dishi uligeuze kila baada ya dakika chache kufuata jua.

Mambo mawili nakuomba usiyapuuze. Usichungulie kwenye fokasi, vaa miwani ya giza na simama nyuma ya dishi. Na ukimaliza lifunike au ligeuze lilale kifudifudi, kwa sababu mtoto akipitisha mkono pale ataungua kabla hajajua kuna moto. Hata kile kioo kidogo cha kujipodolea kinachokuza uso, kisikae dirishani kikipigwa na jua. Pazia linaweza kushika moto.

#13 kidato_cha_tatu

Mwalimu, hicho kioo cha kujipodolea dada yangu anacho. Kwa karibu kinakuza uso. Nikirudi nyuma uso unavurugika, nikirudi zaidi najiona kichwa chini. Kioo kimoja kinafanyaje vyote viwili?

#14 Mwalimu_Chumbageni

Ndicho kioo ninachokipenda kuliko vyote, maana kinabadili tabia kutegemea umesimama wapi.

Tumia kanuni ya darasani: 1 gawanya kwa fokasi ni sawa na 1 gawanya kwa umbali wa kitu, jumlisha 1 gawanya kwa umbali wa taswira. Mbele ya kioo ni chanya, nyuma yake ni hasi. Chukua kioo kilichobonyea chenye fokasi ya sentimita 20.

Weka mshumaa sentimita 10, ndani ya fokasi. Taswira inatoka hasi 20: iko nyuma ya kioo, imesimama wima, kubwa mara 2. Huyo ni dada yako akijipodoa. Sasa usogeze mshumaa hadi sentimita 30, nje ya fokasi. Taswira inatoka chanya 60: iko mbele ya kioo, imepinduka, na ni kubwa mara 2 vilevile. Hii ni taswira halisi. Zima taa, weka karatasi nyeupe sentimita 60, uikwepeshe kidogo mshumaa usiizibe, utauona moto wa mshumaa umechorwa kwenye karatasi kichwa chini. Mshumaa ukipita sentimita 40, kwenye kitovu cha mpindo, taswira inaanza kuwa ndogo kuliko wenyewe. Na ukiwa kwenye fokasi yenyewe, sentimita 20, miali inatoka sambamba haikutani popote. Ndiyo maana uso wako unavurugika ukifika hapo.

Kupima fokasi ya kioo cha dada yako: simama ndani ya chumba, kielekeze dirishani kwenye mnazi ulio mbali, sogeza karatasi mbele yake mpaka uone mnazi mdogo, mkali, umepinduka. Umbali wa karatasi hadi kioo ndio fokasi. Usielekeze kwenye jua.

Nikiwa hapa niwatajie Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra karibu mwaka 965, aliyefanya kazi yake kubwa Cairo. Alichunguza vioo vya aina 7: bapa, kisha vya tufe, vya mcheduara (umbo la bomba) na vya umbo la pia (koni), kila kimoja upande wa kubinuka na wa kubonyea. Swali lililobaki na jina lake ni hili: kitu kiko hapa, jicho liko pale, kioo ni cha tufe. Nuru itagonga kioo wapi ili imfikie mtazamaji? Soma tena uone. Ni swali la lori, dereva na saiti mira, lililoulizwa na kujibiwa kwa jometri karibu miaka 1000 kabla ya bodaboda.

#15 fundi_ngamiani

Mwalimu narudi. Leo nimeletewa kioo cha ndani cha gari, kile chenye kijiti cha chini cha kupunguza mwanga usiku. Nimekipima kwa rula, ni bapa. Lakini kina unene juu tofauti na chini. Kimeharibika au kimetengenezwa hivyo?

#16 Mwalimu_Chumbageni

Kimetengenezwa hivyo, usikisugue! Ni kabari ya kioo. Uso wa nyuma umepakwa madini na unaakisi karibu nuru yote. Uso wa mbele ni kioo kitupu na unaakisi kama asilimia 4 tu. Kwa kuwa nyuso hizo hazikulala sambamba, zinatuma taswira mbili pande mbili tofauti. Mchana dereva anatazama ile kali ya nyuma. Usiku akivuta kijiti, ile kali inaelekezwa darini, na machoni inabaki ile hafifu ya asilimia 4. Taa za nyuma anaziona bila kuumizwa. Ukimkatia kioo cha kawaida, kijiti kitacheza tu bila kufanya kazi.

#17 kidato_cha_tatu

Mwalimu nimefanya hesabu ya saiti mira mwenyewe, ile ya fokasi sentimita 60, ila nimeweka lori mita 20 badala ya 10. Nimepata taswira iko sentimita 58.3 nyuma ya kioo na ni ndogo mara 34. Kwa lori la mita 10 nilipata sentimita 56.6. Nimekosea? Lori limesogea mita 10 nzima, taswira imesogea sentimita 1.7 tu!

#18 Mwalimu_Chumbageni

Hujakosea popote. Weka lori kilomita 1, weka mlima wa Usambara: taswira haitavuka sentimita 60. Barabara yote iliyo nyuma ya gari, mpaka upeo wa macho, imebanwa ndani ya hizo sentimita 60, na ndiyo bei ya kuona upana wa mita 5 badala ya 2.4. Peleka hesabu hiyo darasani uwaonyeshe wenzako.

#19 fundi_ngamiani

Nimepima na vile vipande vilivyo kwenye pipa la takataka dukani. Vingi rula inayumba. Kuanzia sasa mteja akija namwonyesha kwanza kwa rula, bapa au mbinuko, achague mwenyewe akijua. Na bodaboda_sahare, pita dukani na pikipiki yako, ninacho cha mtumba kilichobinuka kinachoingia kwenye fremu hiyo ya kulia.